Kibua wa Mwalimu Kurobane

Mwalimu Kurobane hupenda kusema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mume wangu kushika kisu. Mimi hunyamaza tu, maana katika miaka tisa ya kufundishwa huko, minne ya mwanzo Masakichi hakushika kisu hata kimoja. Aliosha sahani, akapepea wali. Lakini siwezi kukataa kwamba jina lililo mlangoni petu ni la huyo mzee. Masakichi alipohitimu, alipewa pazia la buluu lenye jina la Kurobane, alitundike mbele ya mkahawa wake mwenyewe hapa Numazu. Kwa jina hilo watu wanatoka mbali kuja kula sushi kwetu, vipande vya samaki juu ya wali, kwenye kaunta yenye viti vinane tu. Na pazia hilo hatukupewa liwe letu daima. Siku mwalimu akiona hulistahili, analichukua.

Msidhani ni maneno tu. Shigeru, aliyesoma pamoja na mume wangu, alinyang'anywa la kwake. Mzee alikwenda kula kwake, akakuta wali umepoa. Hakugomba. Alikula akamaliza, akalipa, akatoka nje, akalishusha pazia, akalitia kwapani na kupanda treni akarudi Tokyo. Leo Shigeru anaendesha teksi.

Kwetu huja mara moja kwa mwaka, mchana, mwanzoni mwa Machi. Ana miaka themanini na sita. Anakula chochote anachowekewa, lakini mwisho lazima aombe samaki wa kibua aliyetiwa chumvi na siki, kwa sababu hicho ndicho kitu alichomfundisha kila mwanafunzi wake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kibua ndipo anapokupima.

Sasa shida yangu mwaka huu ilikuwa moja: mume wangu alikuwa hanusi. Pua anayo, tena kubwa, lakini tangu mafua ya Januari haikuwa na kazi.

Niligundua hivi. Nilikuwa juu chumbani nakunja nguo, nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikashuka mbio. Masakichi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka jikoni, anasoma habari za mieleka kwenye gazeti, ametulia kabisa, na sufuria ya mchuzi imekauka inaungua chini.

"Baba Chie, mchuzi!"

Akaruka. "Aa, gazeti limenichukua," akasema, na hakuniangalia usoni.

Huyu ni mtu aliyekuwa akipita barabarani anakwambia nyumba ya tatu wanakaanga nini. Nikajua. Sikumwuliza, kwa sababu nilifahamu atanidanganya, na katika miaka thelathini na minne ya ndoa hajawahi kunidanganya. Sikutaka kumfundisha uzeeni. Naye hakusema. Basi kila asubuhi, akitoka kwenda kuosha gari lililobeba samaki, mimi nilikuwa naingia jikoni nanusa sanduku moja baada ya jingine. Mara mbili nilikuta kilichoharibika. Kamba niliwamwaga chini kwa makusudi, nikajifanya nimeteleza. Ngisi nikamtupa, nikamsingizia paka.

Kibua ndiye niliyemwogopa zaidi. Samaki wengine wakiharibika wanaonyesha. Jicho linafifia, nyama inalegea. Kibua macho yake yanang'aa, mgongo wake unameta, kumbe ndani kashaanza kuharibika. Ukishamtia siki ndiyo basi, hata fundi wa miaka arobaini haoni kitu kwa macho. Anamjua kwa pua. Na ukimla hivyo, uso unavimba, moyo unakwenda mbio, unapelekwa hospitali. Kwa mtu wa miaka themanini na sita, sitaki hata kusema.

Siku ya mzee ilipofika, Masakichi hakwenda kuosha gari. Tangu alfajiri alikuwa jikoni juu ya samaki wake kama kuku anayeatamia mayai. Kila nikisogea, "Mama Chie, unataka nini?" Kila nikigusa kifuniko, "Acha, nitafanya mwenyewe." Nikawanusa jodari, changu, ngisi na kamba kwa kupita pita na kitambaa cha kufutia. Sanduku la vibua alikuwa amelifunga kwa kamba na kuliweka chini kabisa ya friji. Saa nne na nusu akanituma stesheni nikampokee mwalimu.

"Si tumwitie teksi?"

"Mwalimu wangu nimwitie teksi? Nenda, mama."

Nilikwenda roho iko jikoni. Mzee akashuka kwenye treni na mkongojo wake na kofia yake, akaikataa teksi niliyoisimamisha. Alitaka kutembea. Dakika kumi za njia zikawa arobaini.

"Umenenepa, Fusae."

"Na wewe umepungua, Mwalimu. Tugawane."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasimama katikati ya daraja, akanigeukia. "Masakichi hajambo? Kwenye simu sauti yake naiona nzito."

"Hajambo," nikasema. "Mafua tu."

"Mafua ya fundi si mafua tu," akasema, akaendelea kutembea.

Tulipofika ilikuwa saa tano na nusu, na kwenye kaunta ameshakaa Iwase, kinyozi wa mtaa wetu, anayekula kwetu kila Alhamisi na kuongea tangu anapoingia mpaka anapotoka. Nilimtamani aondoke. Lakini alikuwa ameshapakata taulo lake la moto, anang'aa mafuta ya nywele.

"Karibu Mzee, karibu! Leo na mimi nitakula vizuri. Siku zingine huyu fundi ananipa mikia."

"Wewe nakupa kinacholingana na mdomo wako," akasema Masakichi, na sauti yake haikuwa na utani ndani yake.

Mwalimu akakaa katikati, kifua chake kikatazamana na ubao wa kukatia. Masakichi akaanza. Changu kwanza, kisha ngisi, kisha jodari. Mzee alikula kwa mkono, kipande kimoja kimoja, mara kinapowekwa, bila neno. Kila kipande alikigusisha mdomoni kwanza kidogo, anapima joto la wali, ndipo akakitia. Nilikuwa namhesabia mume wangu pumzi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo na hakuthubutu kulifuta.

"Wali mzuri," mzee akasema baada ya kamba.

Masakichi akainamisha kichwa. Nikamwona mabega yakishuka kidogo. Iwase akapiga makofi kama yuko kwenye mieleka.

Nikapita nyuma ya mume wangu kwenda kuchukua birika la chai. Wakati huohuo akalifungua sanduku la vibua.

Harufu ilinigonga. Haikuwa kali, siki ilikuwa imeifunika, na kule upande wa pili wa kaunta, kwenye mafuta ya nywele ya Iwase, isingefika. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kiwiko kwa kiwiko na lile sanduku. Chini ya siki kulikuwa na kitu kama chuma cha kutu kilicholowa, na chini yake tena utamu mbaya unaokwama kooni. Nikajua.

Kaunta yetu haina mahali pa kunong'ona. Ukimwambia mtu jambo, wote mmeambiwa.

"Baba Chie, simu," nikasema.

"Haijalia."

"Imelia ndani. Ni Chie, anakutaka wewe."

"Mwambie nitampigia."

Akatoa minofu miwili, akailaza ubaoni. Kweli ilikuwa mizuri kwa macho, buluu na fedha, ngozi ya juu imechunwa vizuri. Akachukua kisu, akakipangusa.

Nyuma yake ukutani kuna vibao vya mbao vyenye majina ya samaki wa siku. Samaki akiisha, kibao chake kinageuzwa uso ukutani, na mteja anajua asiulize tena. Kazi hiyo ni ya fundi peke yake. Miaka yote hiyo sikuwahi kukigusa hata kwa kukipangusa vumbi. Nikaweka birika chini, nikanyoosha mkono, nikakigeuza kibao cha kibua.

Kibao kikagonga ukuta. Masakichi akageuka.

"Vipi, Mama?" Iwase akapayuka. "Kibua kaisha? Mbona namwona pale kalala? Au mnamficha mumle wenyewe jioni?"

"Nani kakwambia ukiguse?" Masakichi akaniuliza taratibu.

"Nimeona ameisha."

"Ameisha wapi? Hawa hapa."

"Nimeona ameisha, baba Chie." Nilimkazia macho mpaka yakaniuma. Nilimwambia kwa macho kila kitu nilichokificha miezi miwili. Naye akaniangalia kama mtu anayetazama mwanamke mgeni aliyeingia jikoni kwake. Akanipita, akakigeuza kibao kama kilivyokuwa.

Mwalimu Kurobane alikuwa ametuangalia muda wote huo, kikombe cha chai kiko mkononi.

"Haya," akasema. "Nipe kibua wangu."

Nilifikiri kwa haraka na nilifikiri vibaya. Nikisema, pazia limekwenda, na pamoja nalo wateja, na mume wangu ambaye hajui kazi nyingine duniani. Nisiposema, huenda mzee akala kimoja tu kisimfanye kitu. Kuna watu wanakula na hawadhuriki. Ndiyo, nilifikiri hivyo, na sijivunii. Masakichi akakata, akachota wali, akabana mara tatu, akakiweka kipande mbele ya mwalimu wake kwa mikono miwili.

Mzee akakitazama. Akatabasamu. Nadhani ni tabasamu lile lililonishinda, maana lilikuwa la mtu anayeona mwanawe. Mkono wake ukatoka.

Nikainama juu ya kaunta nikakinyakua kile kipande, nikakifumbata kwenye ngumi.

"Usile, Mwalimu."

Iwase aliacha kutafuna.

"Mama Chie," Masakichi akasema, "umerukwa na akili?"

"Huyu samaki ameharibika."

"Nimemnunua mwenyewe. Nimemtia siki mwenyewe."

"Ameharibika, baba Chie."

Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akaunyanyua mnofu uliobaki, akaupeleka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, macho ameyafumba. Mara ya tatu alivuta taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua watu wamehama. Angeweza kusema samaki hana kasoro. Angesema yeye ndiye fundi, mimi ni mke tu wa kumimina chai, na mila yote ya kazi hii ingemuunga mkono. Niliona midomo yake ikifunguka kusema hivyo.

Akaushusha ule mnofu ubaoni. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Ananukaje?"

Hapo yalikwisha. Fundi wa sushi haulizi samaki wake ananukaje.

"Kama kutu," nikasema. "Na utamu mbaya kwa chini."

Mwalimu Kurobane akanyoosha mkono, akaomba mnofu, akaunusa mara moja, akaurudisha.

"Ndiyo," akasema. "Ungenilaza hospitali, Masakichi."

Masakichi akaupokea kwa mikono miwili.

"Tangu lini?"

"Januari tarehe tisa, Mwalimu. Nilidhani itarudi. Daktari alisema huenda ikarudi."

Sikujua hata kwamba alikwenda kwa daktari. Mzee akanigeukia mimi. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Mwezi huohuo."

"Basi miezi miwili hii nani amekuwa akinusa?"

"Mimi. Alipokuwa anaosha gari."

Masakichi akanigeukia polepole. "Wale kamba waliomwagika?"

"Mimi."

"Na yule paka?"

"Hakuna paka."

Iwase akacheka, akaziba mdomo kwa taulo, akainama mpaka paji la uso likagusa kaunta. "Samahani," akasema ndani ya taulo. "Samahanini sana."

Mwalimu hakucheka. "Pua kufa si kosa," akasema. "Mimi sikio la kushoto halina kazi. Ningekuja hapa ukaniambia, 'Mwalimu, sinusi tena, mke wangu ndiye ananusa,' ningekula na kurudi kwangu. Lakini umesimama mbele ya watu ukawalisha kitu usichokijua, huku ukijua hukijui. Na mkeo akakuficha, nawe ukajificha kwake. Hapo nani alikuwa anamlinda mteja?"

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu yalinipata na mimi. Masakichi akaweka mikono miwili ubaoni na kuinama mpaka nywele zake zikagusa mbao. Kisha, bila kuambiwa, akapita nyuma ya viti, akafungua mlango, akalishusha pazia. Akarudi nalo limekunjwa.

Mimi ndipo nikapandwa na hasira. Nikalishika upande wa pili.

"Miaka thelathini na moja!" nikamwambia mzee. "Miaka thelathini na moja hajaugua mtu hapa. Huyu anaamka saa tisa za alfajiri. Alimzika baba yake asubuhi akafungua mlango jioni. Leo kwa samaki mmoja?"

"Kwa samaki mmoja," akasema Mwalimu. "Achia, Fusae."

"Siachii."

"Achia, mama Chie," akasema mume wangu. "Ni la kwake."

Nikaachia. Na yule mzee, Mungu amsamehe, akaniomba mfuko wa kulitilia. Nikampa ule wa mchele. Akalipa chakula chake, akamaliza chai yake, akavaa kofia. Mlangoni akasimama.

"Siku utakapoweza kumwambia mteja, kwa mdomo wako, ni nani anayenusa samaki wake, nipigie. Nitakuja. Nikiwa hai."

Hakutaka kusindikizwa. Tulisikia mkongojo wake ukigonga barabarani mpaka ukapotea.

Iwase naye akanyanyuka, akaweka hela yake, akatazama mlango uliokuwa mtupu. "Mimi silililii lile pazia," akasema. "Kila nikiingia linanivuruga nywele." Hakuna aliyecheka. Akatuinamia wote wawili, chini zaidi ya desturi yake, akaenda.

Tukabaki wawili. Masakichi akazunguka kaunta, akakaa kwenye kiti cha mteja, mahali ambapo sikumbuki kumwona amekaa. Nilimwendea nikiwa na maneno mengi.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Nilijua utaona aibu ya samaki. Fundi gani hanusi samaki. Nilikuwa nakuhifadhia heshima yako."

"Si samaki," akasema.

Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Ile siku ya tarehe tisa niliamka, nikageuka upande wako. Ulikuwa umelala pale pale. Nikaweka uso kwenye nywele zako, na hukuwepo. Miaka thelathini na minne naamka nakupata, mama Chie, kabla hata sijafumbua macho. Siku ile nikafumbua macho nikakuta mtu amelala tu. Nikaenda kabatini nikafungua nguo zako. Hamna. Sasa ningekwambia nini? Kwamba upo na sikupati?"

Mimi si mtu wa kulia. Nililia pale, kwa sauti, kama mtoto aliyenyimwa, na miezi miwili yote niliyojiona mjanja na paka wangu ikanirudia usoni kwa aibu. Nilikuwa nanusa samaki nikidhani ndio anaowahitaji. Nikavuta kiti nikakaa mpaka mabega yetu yakagusana, naye akanishika mkono uliokuwa unanuka kibua, akauweka shavuni kwake.

Hatukuondoa hata sahani. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa barabara simu ilipolia. Nikaipokea. Alikuwa mama mmoja mteja wetu wa siku nyingi, ameweka nafasi tatu za jioni. Kapita mlangoni akaona hakuna pazia, anauliza kama tumefunga.

Nilianza kusema ndiyo, tumefunga, samahani sana. Masakichi akaichukua simu mkononi mwangu.

"Tumefungua," akasema. Akasimama wima, kama anavyosimama mteja anapoingia. "Njooni. Lakini kabla hamjaja, mama, kuna jambo inabidi nikwambie mwenyewe kuhusu pua yangu, halafu mtaamua."

Akalisema lote, tangu tarehe tisa, bila kupunguza, na alipofika kwa anayenusa samaki wake akanitaja kwa jina langu, Fusae.